Ugomvi wa Maji na Moto: Hisabu ya Nyota ya Kuzaliwa Katika Historia ya Wachina



Siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia barazani mzee mmoja, mtu mwema, wa umri wangu, na uso wake umekunjana. Tulipokwisha kujuliana hali akaniambia: "Maalim, binti yetu ameposwa. Kijana tunamjua, ana dini na ana kazi. Lakini mwenye falaki amehesabu jina la kijana na la mamake, na jina la binti na la mamake, akasema nyota ya kijana ni ya moto na ya binti ni ya maji, hawatakaa. Sasa mke wangu hataki hata kuisikia posa. Nini neno lako?"

Sikumjibu pale pale. Nilimwambia, "Bwana wangu, nipe siku tatu." Si kwamba sikuwa na jibu. Hukumu ya kumwendea mpiga bao wanavyuoni wameieleza tangu zamani, na yeye akiijua kama niijuavyo mimi. Lakini nimeona katika miaka yangu ya kusomesha kuwa mtu aliyeshikwa na hofu, hukumu peke yake haimtoi hofu. Huinamisha kichwa akasema "kweli, Maalim", kisha akifika nyumbani hofu yake aikuta mlangoni yamngoja. Nikataka nimpe kitu cha kutazama kwa akili yake mwenyewe. Nikazikumbuka habari za Wachina, kwani ni watu waliouhesabu ugomvi wa maji na moto kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wakautungia vitabu na kuuwekea wataalamu. Yaliyowapata katika hisabu hiyo ni mafunzo kwa kila mwenye kuzingatia. Nilimsimulia yeye, na leo nakusimulia wewe.

ASILI TANO

Sisi watu wa pwani tumerithi katika vitabu vya falaki tabia nne: moto, upepo, maji na udongo. Zilitoka kwa Wayunani, zikapita kwa Waarabu, zikatufikia. Wachina wao wanazo tano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Huziita "wuxing", na neno hilo la mwisho, xing, maana yake ni mwendo. Kwa hivyo wenye ilimu wao hawakukusudia kipande cha mti au ndoo ya maji. Walikusudia miendo ya ulimwengu. Mti ni kule kuota na kupinda, moto ni kupanda juu, maji ni kushuka chini, chuma ni kukubali kufuliwa, na udongo ni kupokea mbegu na kutoa mavuno.

Miendo hii hukutana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kuzaana. Mti hulisha moto. Moto huacha jivu nalo likawa udongo. Udongo hutoa chuma tumboni mwake. Chuma, kwa kauli yao, huzaa maji. Na maji huotesha mti. Duara limefunga. Njia ya pili ni ya kushindana. Mti huupasua udongo kwa mizizi yake. Udongo huyazuia maji. Maji huuzima moto. Moto hukiyeyusha chuma. Na chuma huukata mti. Hapa pia duara limefunga, na hapana mmoja aliye bingwa wa wote. Kila mwenye kushinda ana wa kumshinda.

Ukitazama kwa haraka utasema ni jambo zuri, na kweli lina uzuri wake. Waganga wao walilitumia kufikiri juu ya mwili, na wakulima juu ya misimu. Taabu ilianza pale miendo hii ilipofanywa hakimu wa kuamua nani atawale, nani aolewe, na nani auawe.

KWANZA ILIKUWA HABARI YA WAFALME

Aliyeipeleka hisabu hii katika siasa ni Zou Yan, mtu aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Yeye alifundisha kuwa kila dola inatawala kwa nguvu ya asili moja, na dola inayoifuata huja kwa asili ile inayoishinda ya kwanza. Mfalme wa Manjano alikuwa wa udongo. Ukoo wa Xia ukaja kwa mti. Ukoo wa Shang ukaja kwa chuma. Ukoo wa Zhou ukaja kwa moto. Basi nani atakuja baada ya moto? Bila shaka ni maji.

Mwaka 221 kabla ya Nabii Isa mfalme wa Qin alipokwisha kuziteka nchi zote za Uchina, alisema yeye ndiye maji. Akaamuru rangi ya dola iwe nyeusi, kwa kuwa nyeusi ni rangi ya maji kwao, na hesabu ya mambo iwe sita. Na kwa kuwa maji ni ya baridi na kivuli, sheria zake nazo zikawa kali zisizo na huruma. Haikupita hata miaka ishirini dola yake ikaanguka.

Ukaja ukoo wa Han. Na hapa, ndugu msomaji, tega sikio. Mfalme wa kwanza wa Han aliendelea kusema kuwa wao ni maji. Mwaka 104 kabla ya Nabii Isa, mjukuu wa nyuma wa ukoo huo, Mfalme Wu, alisema la, sisi ni udongo, kwani udongo huyazuia maji ya Qin. Kisha mwaka 26 baada ya Nabii Isa, Mfalme Guangwu aliyeirudisha dola hiyo baada ya kuporwa, akasema sisi ni moto, na safari hii hawakuhesabu kwa kushindana bali kwa kuzaana. Dola ni ile ile, ukoo ni ule ule, nayo imekuwa maji, ikawa udongo, ikawa moto. Je, mbingu ndizo zilizogeuka, au ni haja za watu?

KUTOKA KITI CHA ENZI HADI KITANDA CHA MTOTO

Karne zikapita, na hisabu ikashuka kutoka kwa wafalme ikafika kwa kila mtoto anayezaliwa. Wachina tangu zamani sana wakihesabu siku kwa "mashina" kumi na "matawi" kumi na mawili. Mashina ni ya asili tano, kila asili mara mbili, moja ya kiume na moja ya kike. Matawi ndiyo yale watu wengi wanayoyajua kwa majina ya wanyama: panya, ng'ombe, chui, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, kima, jogoo, mbwa na nguruwe, nayo pia kila moja lina asili yake. Shina na tawi huenda pamoja kama magurudumu mawili yenye meno, na hurudi pale yalipoanzia baada ya hatua sitini.

Katika zama za Tang alikuwako mtumishi wa serikali aitwaye Li Xuzhong, aliyefariki mwaka 813. Huyu alisifika kwa kupima maisha ya mtu kwa shina na tawi la mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa. Baada yake akaja Xu Ziping, ambaye kwa jina lake njia hii yaitwa mpaka leo. Hapo saa ya kuzaliwa ikawa nguzo ya nne, na shina la siku ndilo likafanywa mtu mwenyewe. Hizo ndizo Nguzo Nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina shina na tawi, jumla herufi nane.

Namna ya kusoma ni hivi. Tuseme shina la siku yako ni mti. Basi wewe ni mti, na asili zote nyingine katika zile herufi nane zinakuwa jamaa zako. Maji, ambayo yanakuzaa, ndiyo mama yako na ilimu yako. Moto, ambao unauzaa wewe, ndio kazi ya mikono yako na maneno yako. Udongo, ambao unaushinda, ndio mali yako. Na ukiwa mwanamume, ndio mkeo. Chuma, ambacho kinakushinda, ndiyo serikali juu yako. Na ukiwa mwanamke, ndiye mumeo. Na mti mwenzako ni ndugu yako, naye huenda akakusaidia kubeba mzigo, au akakunyang'anya urithi.

Kisha hutazamwa msimu. Mti una nguvu majira ya kuchipua, moto wakati wa joto, chuma wakati wa mavuno, maji wakati wa baridi kali, na udongo mwisho wa kila msimu. Tena hutazamwa matawi yanayogombana, nayo ni yale yanayokabiliana katika duara: panya na farasi, sungura na jogoo, chui na kima, ng'ombe na mbuzi, joka na mbwa, nyoka na nguruwe. Na kuna wasuluhishi. Chuma kikitaka kuukata mti, na katikati yao yakapatikana maji, ugomvi hukatika. Kwani chuma huzaa maji, na maji huzaa mti, adui akawa babu.

Mabingwa wenyewe wa njia hii walijua kuwa kanuni si ya upande mmoja. Walisema: udongo huzaa chuma, lakini udongo ukizidi hukizika. Maji huotesha mti, lakini mafuriko huung'oa yakauchukua. Maji huuzima moto, lakini moto mkubwa huyakausha maji kidogo. Basi mama aweza kuwa adui kwa wingi wa mapenzi, na adui aweza kuwa rafiki kwa uchache wa nguvu zake. Hayo ni maneno ya hekima ukiyachukua kuwa mfano wa maisha. Ukiyachukua kuwa hukumu juu ya mtoto mchanga, hapo ndipo penye msiba.

Na huyo Li Xuzhong aliyepima maisha ya watu, mwandishi mkubwa wa zama zake, Han Yu, ambaye ndiye aliyemwandikia maneno ya kaburini, amemtaja katika watu waliokufa kwa kunywa dawa za zebaki wakitaka kurefusha umri. Alihesabu maji na moto wa wengine, na kikombe kilichokuwa mkononi mwake hakukihesabu.

NYOTA MOJA, HADITHI MBILI

Tutazame mfano wa kweli. Tarehe 25 Septemba 1711 alizaliwa mtoto aliyekuja kuwa Mfalme Qianlong wa ukoo wa Qing. Herufi zake nane zimehifadhiwa. Matawi yake manne ni sungura, jogoo, farasi na panya. Sungura na jogoo ni mahasimu. Farasi na panya ni mahasimu. Yaani nguzo zote nne zina vita: mwaka wapigana na mwezi, na siku yapigana na saa. Shina la siku yake ni chuma, na kulia na kushoto kwake pamewaka moto, tena moto mwingine uko chini yake.

Lau binti wa mtu angaliletewa posa ya kijana mwenye nyota hiyo, mshenga angalirudishwa mlangoni. Lakini mtoto huyo alitawala miaka sitini, tangu 1735 hadi 1796 alipojiuzulu kwa hiari, akafa mwaka 1799 akiwa na umri wa miaka 87. Wataalamu wakaeleza: chuma hiki kimezaliwa wakati wa mavuno, nacho wakati huo kina nguvu, na chuma chenye nguvu chataka moto ili kifuliwe upanga. Na wanyama wale wanne wamesimama pembe nne za dunia, basi dunia yote iko chini ya miguu yake.

Maelezo mazuri. Ila najiuliza: saa ile ile, katika nchi kubwa kama Uchina, hawakuzaliwa watoto wengine? Walizaliwa, katika vibanda vya wakulima na wavuvi, na herufi zao ni zile zile nane. Lau mmoja wao angalikufa kwa njaa, mtaalamu yule yule angalisema: hukuona? Nguzo nne zote zina vita, na moto umekiyeyusha chuma.

Tufanye hesabu kidogo. Miaka sitini, mara miezi kumi na miwili, mara siku sitini, mara saa kumi na mbili za Kichina, tunapata nyota 518,400, wala hapana zaidi. Watu wa dunia leo wamepita bilioni nane. Ukiwagawa, kila nyota moja ina watu zaidi ya elfu kumi na tano kwa wastani. Nani atasema kuwa watu elfu kumi na tano wana ndoa moja, riziki moja na ajali moja?

WALIOULIZA NI WACHINA WENYEWE

Usidhani, ndugu yangu, kuwa Wachina wote walikubali. Tangu zamani kabisa wafuasi wa Mozi waliandika kuwa asili tano hazina mshindi wa daima. Jambo liko katika wingi. Moto ukiwa mwingi huyeyusha chuma, na chuma kikiwa kingi huyamaliza makaa.

Akaja Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27, mtu maskini mwenye akili kali, akatunga kitabu kiitwacho Lunheng, cha kuyapima maneno ya watu kwa mizani. Aliuliza maswali ambayo hata mtoto wa chuoni angaliyafahamu. Mnasema farasi ni wa moto na panya ni wa maji, na maji huushinda moto. Mbona basi panya hamfukuzi farasi? Mnasema jogoo ni wa chuma na sungura ni wa mti. Mbona jogoo hamli sungura? Wala Wang Chong hakuwa mtu wa kukanusha majaliwa. Yeye mwenyewe akiamini kuwa mtu ana ajali yake. Alichokikataa ni kutafuta ajali hiyo kwa kanuni ambayo zizi na uwanja wa kuku unaikadhibisha kila siku.

Lakini swali la mtu mwenye akili halina nguvu mbele ya hofu ya mama. Hisabu ikaingia katika ndoa. Kabla ya posa kukubaliwa, herufi nane za binti ziliandikwa katika karatasi na kupelekwa kwa mtaalamu, zikalinganishwa na za kijana. Ni wangapi waliokataliwa bila ya kosa, hayo ameyahifadhi Mwenyezi Mungu.

KICHANGA KIMOJA NA VICHWA VITANO

Sasa nifike kwenye kisa ambacho ndicho hasa kilichonifanya niishike kalamu.

Mwaka 1658 alifariki mjini Beijing mtoto wa Mfalme Shunzhi, Mwanamfalme Rong, kabla hajatimiza miezi minne. Idara ya Falaki ya serikali, ambayo mkuu wake alikuwa padri Mjerumani, Adam Schall, ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuchagua siku na saa ya kumzika, kwa kulinganisha mashina, matawi na asili tano. Wakachagua, mtoto akazikwa. Mwaka 1660 mama yake mtoto akafa. Mwaka 1661 mfalme mwenyewe akafa, kijana wa miaka ishirini na miwili.

Mwaka 1664 mtu mmoja, Yang Guangxian, adui wa mapadri, akashitaki. Katika mashitaka yake alisema kuwa Idara ilihesabu mazishi yale kwa jedwali lisilo sahihi. Kwani, msomaji, majedwali ya asili tano hayakuwa moja. Liko lililoitwa asili tano za sawa, na liko lililoitwa asili tano za Hongfan. Na upande mmoja wa dunia waweza kuwa wa asili moja kwa jedwali hili, na wa asili nyingine kwa jedwali lile. Saa iliyokuwa ya heri kwa moja ikawa ya maangamizi kwa jingine. Ati kwa kosa hilo ndipo wakafa mama na baba.

Mwaka 1665 hukumu ikatoka. Padri Schall, mzee aliyekwisha kupooza, alihukumiwa kuuawa; kisha ukatokea mtetemeko wa ardhi, wakuu wakaogopa, akasamehewa. Lakini Wachina watano waliokuwa maofisa wa Idara hiyo, mmoja wao Li Zubai, walikatwa vichwa. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi.

Na hapa yanipasa niseme neno la haki hata kama ni chungu. Yang Guangxian alipopewa uongozi wa Idara, msaidizi wake alikuwa Wu Mingxuan, naye ni Mwislamu. Alitoka katika watu wenye ilimu kubwa. Tangu mwaka 1267 Jamal al-Din alipomletea Kublai Khan vyombo vya kutazamia nyota, Waislamu walikuwa na nafasi yao katika falaki ya Uchina kwa mamia ya miaka, na vitabu vyao vilifasiriwa kwa Kichina kwa amri ya mfalme mwaka 1382. Lakini Wu Mingxuan alisimama na mshitaki. Jina zuri na ukoo wa ilimu havimkingi mtu na husuda ya kazi.

Mwisho wa mwaka 1668 mfalme kijana, Kangxi, akataka ukweli kwa jambo linaloonekana. Akaamuru kila upande useme kivuli cha mti uliosimamishwa kitafika wapi saa ya adhuhuri. Padri Verbiest, mwenzake Schall, alisema kitafika hapa, na siku tatu mfululizo kikafika pale alipopataja. Wenzake hawakuweza. Mwaka 1669 Yang akafukuzwa, akafa njiani akirudi kwao. Na katika hukumu mpya ikaandikwa kuwa lile jedwali la Hongfan lilikuwa likitumika tangu zama na zama, na kwamba Yang alilisingizia. Wale watano wakarudishiwa heshima zao. Vichwa vyao havikurudi.

Zingatia. Mwaka 1665 jedwali lile lilikuwa sumu. Mwaka 1669 likawa halali. Maji hayakubadilika wala moto haukubadilika. Kilichobadilika ni nani mwenye nguvu katika baraza la mfalme.

Niliposoma kisa hiki nilikumbuka kichanga kingine. Mwaka wa kumi wa Hijra, Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad (s.a.w.), alifariki Madina akiwa mdogo, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo chake. Baba alikuwa katika huzuni kubwa kuliko zote, na watu wenyewe ndio waliomletea utukufu huo. Lau angalinyamaza tu, ungaliandikwa kuwa muujiza. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Madina kichanga kilikufa na watu wakatolewa hofu. Beijing kichanga kilikufa na watu wakatafutiwa kosa katika majedwali.

WASICHANA WA MWAKA WA MOTO

Utasema hayo ni ya zamani. Basi njoo karibu. Wajapani walichukua hisabu ya miaka kutoka kwa Wachina. Katika miaka sitini uko mmoja ambao shina lake ni moto na tawi lake, farasi, ni moto pia: moto juu ya moto. Kwao ikaenea imani kuwa msichana anayezaliwa mwaka huo humla mumewe. Wataalamu wa Nguzo Nne wangalikwambia kuwa mwaka ni nguzo moja tu katika nne. Lakini hofu haina subira ya kuhesabu nguzo zote.

Mwaka huo uliangukia 1906, na waliozaliwa wakati huo walipofika umri wa kuolewa walipata mashaka. Ukarudi 1966, katika nchi ya viwanda, yenye treni za kasi na vyuo vikuu. Mwaka 1965 Japani walizaliwa watoto 1,823,697. Mwaka 1966 walizaliwa 1,360,974. Mwaka 1967 wakapanda tena hadi 1,935,647. Yaani katika mwaka mmoja walipungua zaidi ya laki nne na sitini elfu, karibu robo nzima. Wazazi walijizuia kuzaa, na wengine waliziharibu mimba. Na wasichana waliozaliwa mwaka huo wamekua, wameolewa, wamezaa, wamezeeka na waume zao kama wanawake wengine. Moto uliowaka mwaka ule uliwaka ndani ya vifua vya wazazi.

NILIYOMWAMBIA MZEE

Basi siku ya tatu mzee alipokuja nilimsimulia haya yote, naye alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Kwa hivyo, Maalim, maji na moto havigombani?"

Nikamwambia: "Vyagombana, Bwana wangu. Kila siku mkeo huvigombanisha jikoni, na kwa ugomvi huo wewe wala wali. Maji yakizidi, moto huzimika. Moto ukizidi, wali huungua. Aliyeko kati ni mwenye kukoroga. Nyumba ya watu wawili ni hivyo. Ukitaka kujua kama watakaa, usiulize majina ya mama zao. Uliza kama kijana hasemi uwongo, kama huzuia hasira yake, kama binti amemridhia. Hayo yana ushahidi, na majirani watakwambia."

Na hii ndiyo tafauti ninayotaka uishike, ndugu msomaji. Falaki ya kujua kibla, mwandamo wa mwezi na nyakati za sala ni ilimu tukufu, na kivuli cha adhuhuri kitaisadiki au kitaikadhibisha mbele ya macho yako. Ama ile inayosema kuwa mtu fulani ni moto na fulani ni maji, haina kivuli cha kupimia. Akifaulu mtu husema tulijua, na akianguka husema tulijua. Kauli isiyoweza kukosea kamwe haiwezi kukufundisha kitu.

Wazee wetu wamesema nyota njema huonekana asubuhi, nao walikusudia tabia ya mtoto, namna anavyoamka na kumsalimu mamake. Hiyo ndiyo nyota ya kutazama unapoletewa posa.

Mzee aliniaga, akasema atakwenda kumwambia mkewe. Nikamwambia, "Usimwambie kwa ukali. Hofu ya mama ni mapenzi yaliyokosa njia. Mwonyeshe njia." Alikwenda pole pole, na mpaka alipopinda kona ya msikiti nilimwona akitikisa kichwa, kama mtu ahesabuye jambo upya.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuhesabu yanayohesabika, na kuyaacha kwake yaliyo yake. Amin.